TARAKILISHI YA MEZANI AU KIPAKATALISHI: CHAMA KINUNUE IPI?

Bila shaka habari mmekwisha kuisikia. Tarakilishi ya chama, ile iliyochapia majarida yetu miaka nenda miaka rudi, imetutoka. Jioni moja ya mwezi wa Aprili radi ilipiga, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili mashine haikuamka. Fundi aliifungua, akainusa (naam, aliinusa!), akasema ubao wake mkuu umeungua pamoja na kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme. Kuitengeneza kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine.

Pesa zipo. Ni michango yetu ya mihula mitatu na mapato ya maigizo, lakini zinatosha mashine moja tu. Tangu hapo mikutano yetu ya Ijumaa imekuwa vita vya maneno. Bi. Mwenyekiti na wenzake wanataka kipakatalishi. Bwana Mweka Hazina anasema ni ya mezani au pesa zikae. Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji mambo yalivyo, nami nimekubali kwa sharti kwamba nitasema na upande wangu.

Kwa ndani mashine hizi mbili ni ndugu. Zote zina bongo linalokokotoa, kumbukumbu ya muda na diski ya kuhifadhia kazi. Kinachozitenga ni mpangilio. Katika ya mezani kila kiungo kiko kivyake: kiwambo huku, kibodi pale, na sanduku lenye vitu vingine vyote limefungwa kwa skrubu ambazo hata mwanafunzi anaweza kuzifungua. Katika kipakatalishi viungo vyote, na betri juu yake, vimebanwa ndani ya unene wa vidole viwili. Kubanwa huko ndiko kunakokifanya kipendeze, na ndiko kunakoleta taabu zake. Wenye kupenda historia wajue kwamba mambo yametoka mbali: Osborne 1, mashine ya kubebwa iliyouzwa Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kiwambo cha inchi 5, na haikuwa na betri.

Tuanze na stima, kwa sababu ndiyo iliyotuua. Hapa kwetu Magharibi radi ni mgeni wa kila alasiri wakati wa masika, na umeme ukipotea mashine ya mezani huzima papo hapo. Insha uliyokuwa ukichapa bila kuihifadhi, pole, imekwenda. Kipakatalishi hakijali, betri hushika kazi na wewe huna habari. Jambo kubwa zaidi ni kwamba radi inapokaribia unaweza kuchomoa waya ukutani na kuendelea kuchapa. Ya mezani ukiichomoa umefunga duka. Dawa yake ni kununua kile kisanduku cha betri kinachoitwa UPS, ambacho hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Lakini msidanganyike: radi ikianguka karibu, si UPS wala chaja ya kipakatalishi inayoweza kuapa kwamba itaizuia. Kinga ni kuchomoa waya, basi.

Kipakatalishi pia hakili stima nyingi. Tuseme ya mezani pamoja na kiwambo chake inakula wati 100, na kipakatalishi wati 40. Kwa saa 20 kwa wiki, ya kwanza itatumia yuniti 2, ya pili yuniti 0.8. Katika muhula wa wiki 13 ni yuniti 26 dhidi ya 10 na kitu. Tofauti ipo, lakini kwa mashine moja haiwezi kumnyima Mwalimu Mkuu usingizi.

Sasa tuje kwenye kuharibika, na hapa ndipo penye uzito. Mashine ya chama haina mwenyewe. Inaguswa na watu 40, wengine wana mikono mizito, wengine wametoka kula mandazi. Chai ikimwagika kwenye kibodi ya mezani, unaitupa unanunua nyingine, na kibodi ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa dukani. Chai hiyohiyo ikimwagika kwenye kipakatalishi inapenya moja kwa moja hadi ubao mkuu ulio chini ya vibonye. Kiwambo cha mezani kikifa, unaazima kingine siku hiyohiyo. Cha kipakatalishi kikipasuka, au bawaba zikilegea kwa kufunguliwa na kila mtu kivyake, ni safari ya kwa fundi na kungoja vipuri vya modeli ileile. Isitoshe, siku hizi vipakatalishi vingi vyembamba vina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao, kwa hivyo huwezi kuiongeza hata ukiwa na pesa.

Mashine yetu iliyokufa yenyewe ni shahidi. Ubao uliungua lakini diski ilikuwa nzima. Fundi aliichomoa, akaiunganisha na mashine ya maktaba, na hadithi zote za jarida hili mnalolisoma zikapatikana. Vipakatalishi vingi huruhusu jambo hilo, lakini si vyote. Katika vingine, hasa vya bei ya chini kabisa, hata hifadhi imechomelewa. Hapo ubao ukifa, unakufa na hadithi zako.

Halafu kuna betri. Betri za lithiamu huchakaa hata ukizitunza. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500 hivi, nguvu zake huwa zimepungua waziwazi. Kwa mashine ya mtumba mtu mwingine amekwisha kuzila hizo mara. Msafara wa Bi. Mwenyekiti unaposifu betri, sharti uulize: betri ya umri gani?

Jamani, nisije nikaonekana nimelipwa na Mweka Hazina. Kwa mwanafunzi anayemaliza Kidato cha Nne na kwenda chuoni, mwenye chumba kidogo, anayehama kila mwaka, sioni haja ya mjadala: anunue kipakatalishi. Atakitunza kwa sababu ni chake. Hata sisi tungefaidika nacho siku za tamasha na mashindano ya mijadala nje ya shule. Lakini siku hizo ni ngapi kwa mwaka? Tatu, nne? Siku nyingine zote mashine inakaa chumba kimoja, na wahariri sita wanachungulia kiwambo kimoja. Cha inchi 24 tutaona sote. Cha inchi 14 tutagongana vichwa. Tena kitu kinachoingia kwenye mkoba hutoka nacho kwenye mkoba, na mlango wetu mnaujua.

Atakayetumwa kununua, iwe Kisumu au Luthuli Avenue kule Nairobi, akumbuke haya. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi zenye bongo la Intel la kabla ya kizazi cha 8. Muuzaji akisema ‘hii ni i7, ni moto’, muulize kizazi. Asikubali diski ya zamani inayozunguka ikiwa SSD inapatikana. Ndiyo inayoifanya mashine kuukuu ionekane changa. Awashe, azime, awashe tena, na ahakikishe haidai neno la siri la kampuni iliyoimiliki zamani. Mkiniangusha kwa kura mkachagua kipakatalishi, basi aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itaonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Kisha afungue ukurasa mtupu na kubonyeza kila kibonye, kimoja kimoja, hata muuzaji akikunja uso.

Kura ni Ijumaa saa kumi, chumba cha Kidato cha Tatu Mashariki. Kama ya mezani itashinda, hesabu za Mweka Hazina zinaonyesha kwamba tukipata kiwambo bure pesa zitabaki za UPS. Mwenye kiwambo kizima kisichotumika nyumbani, walimu mkiwemo, tafadhali amwone kabla ya siku hiyo.