Nyumba njema si mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo ilinijia Jumapili iliyopita aliponipigia simu mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika kaunti ya Shropshire, magharibi mwa Uingereza, mpakani na Wales. Baada ya kuniamkua alisema: "Mjomba, nimechoka kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Nimepata nyumba kijijini na ninataka kuinunua, lakini mama hataki hata kuisikia habari hiyo."

Mamake, ambaye ni dada yangu, anaishi Wundanyi, na hoja yake ni ile ile ya wazazi wengi: mtoto hujenga kwao kwanza. Nami nikaombwa niwe mwamuzi. Kwa kuwa wauguzi wetu wengi wako huko, na Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaajiri wahudumu wa afya mwaka 2021, naona si vibaya nikitoa hukumu yangu hadharani.

Nilikwisha kukizuru kijiji hicho. Kina nyumba za matofali mekundu, na nyingine kongwe za boriti nyeusi na kuta nyeupe. Lipo kanisa la mawe, baa moja, uwanja wa kriketi, na malisho ya kondoo yanayoanzia pale ua wa mwisho unapokoma. Mpita njia hukatiza shamba la mtu bila kufukuzwa, maadamu anafuata vijia vya umma vinavyolindwa na sheria na kuchorwa katika ramani rasmi tangu sheria ya mwaka 1949. Jioni husikii ila kengele na kunguru.

Msomaji atadhani kwamba utulivu huo ni wa maumbile. La hasha! Utulivu huo umetengenezwa na watu. Sheria ya mipango ya miji na mashamba ya mwaka 1947 ilimwachia mwenye ardhi ardhi yake, lakini ikamwondolea uhuru wa kujenga apendavyo. Isipokuwa kwa mambo madogo madogo, ni lazima kwanza apate idhini ya halmashauri. Mwaka 1955 serikali ikazihimiza halmashauri zitenge kanda za kijani kuizunguka miji mikubwa ili isivimeze vijiji. Nyumba zilizoorodheshwa kwa thamani ya historia yake zina ulinzi mkali zaidi, na kuibadili sura ya nyumba kama hiyo bila ruhusa ni kosa la jinai. Fauka ya hayo, baraza la kijiji hutoa maoni yake kabla ya ombi la ujenzi kuamuliwa, na kila jirani ana haki ya kuandika pingamizi.

Basi mpwa wangu akiinunua nyumba ile, hatakuwa amenunua kuta na paa peke yake. Atakuwa ameingia katika mapatano ya watu wengi. Mapatano hayo ndiyo yatakayompa usingizi mnono, na hayo hayo ndiyo yanayoweza kumzuia kuongeza chumba cha kumpokea mamake.

Tuje kwenye ununuzi wenyewe. Sisi huku hudhani kwamba kwa Waingereza mambo ya ardhi ni nadhifu kabisa. Kwa upande wa hati, ni kweli. Daftari lao la ardhi lilianzishwa mwaka 1862, na tangu mwaka 1990 liko wazi kwa umma. Yeyote aweza kulipa ada ndogo akajua mwenye nyumba ni nani, pasipo kujuana na karani. Lakini kwa upande wa ahadi, mambo ni mengine. Kwa sheria ya England na Wales, bei mliyokubaliana haimfungi mtu hadi mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba, ndipo mnunuzi atoe arubuni ambayo kwa desturi ni asilimia 10. Kabla ya hapo, na aghalabu hiyo ni miezi kadhaa, muuzaji yu huru kumpokea mwenye bei kubwa zaidi.

Hayo yalimfika mpwa wangu mwaka jana. Alikuwa amekwisha kumlipa wakili na mkaguzi wa majengo, muuzaji akamgeuka, naye hakurudishiwa hata senti. Aidha kuna kile waitacho mnyororo: muuzaji wako hahami hadi apate nyumba yake, na wa huyo naye vivyo hivyo, mmoja akiteleza, wote huanguka.

Kisha zipo gharama ambazo dalali hazitangazi. Bomba la gesi halifiki kijijini, kwa hivyo mafuta ya kupashia nyumba joto huletwa kwa lori na kutiwa katika tangi uani. Majitaka nayo huenda katika tangi la mwenye nyumba, naye ndiye wa kulishughulikia. Njia nyingi za reli za mashambani zilifungwa miaka ya 1960, hasa baada ya ripoti ya Dkt Richard Beeching ya mwaka 1963, na basi la kijiji hicho hupita mara mbili kwa siku. Muuguzi wa zamu ya usiku asiye na gari atafikaje kazini?

Lakini lililo zito zaidi ni hali ya watoto wa kijiji chenyewe. Utulivu unaotamaniwa na wengi hupandisha bei. Wastaafu waliouza nyumba zao mijini huja na fedha zao. Wengine hununua nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma tu. Nyumba nyingi za halmashauri ziliuziwa wapangaji wake kwa sheria ya mwaka 1980, na zilizojengwa badala yake hazikutosha. Matokeo yake ni kwamba kijana mkamuaji wa ng'ombe hawezi kununua nyumba katika kijiji alichozaliwa. Katika mji wa St Ives, huko Cornwall, wakazi walipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono mpango uliotaka nyumba mpya ziwe za watu watakaozifanya makao yao ya kudumu. Tangu Aprili 2025, halmashauri za England zaweza kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi maradufu.

Hata hivyo, huko vijijini utamsikia mtu akisikitika kwamba vijana hawana makao, kisha kesho yake akiandika pingamizi dhidi ya nyumba kumi zinazotaka kujengwa kando ya uwanja wa kriketi. Kijiji kisichokubali wageni wala vijana hubaki kizuri, lakini shule yake hukosa watoto na duka lake hukosa wanunuzi. Utulivu ukizidi huwa kimya cha makaburini.

Sisi tuna maradhi ya kinyume. Kiambu kahawa imeng'olewa, maghorofa yamepanda, na barabara na mitaro ya majitaka hufuata baadaye ikiwa itafuata. Wenzetu wamefunga mlango mno. Sisi hatukuuweka kabisa.

Hukumu yangu ni hii. Mpwa wangu na anunue. Yeye si mgeni wa Jumamosi na Jumapili. Ataishi pale mwaka mzima na kuwauguza wazee wa pale pale. Lakini kwanza aende akaitazame nyumba jioni ya Desemba, jua linapotua kabla ya saa kumi. Alipande lile basi. Amlipe mkaguzi, na asimwamini muuzaji hadi mikataba ibadilishwe. Na siku litakapobandikwa tangazo la nyumba mpya, asikimbilie kutia saini pingamizi kwa sababu tu yeye amekwisha kuingia.

Nawe dada, shamba la Wundanyi halina miguu, litamngoja.