Gemu ya kikapu Rumonge: Ushindi wa mpira au wa mwanya?

MWEZI unapokuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hupumzika. Usiku wa mbalamwezi taa zao hazifui dafu, kwa kuwa samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa chombo wakati ziwa zima linang'aa. Siku hizo, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac upande wa Burundi, na ng'ambo kuanzia Baraka hadi Kigoma, vijana wa mitumbwi hukosa kazi ya usiku. Wenye akiba kidogo hutafuta mahali pa kupitisha saa.

Sehemu ya akiba hiyo huishia kwenye vibanda vya gemu. Atembeaye katika miji ya Afrika Mashariki anavijua: televisheni moja au mbili, mashine ya PlayStation iliyokwishatumika, benchi, na mwenye kibanda anayehesabu mechi. Soka ndiyo inayotawala. Hata hivyo, Burundi ni nchi inayopenda mpira wa kikapu, na penye vijana wa kikapu diski ya NBA 2K haikosi wateja. Wengine huvutiwa na majina ya nyumbani. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma aliyechaguliwa na Golden State Warriors mwaka 2021, yumo ndani ya gemu hiyo kwa sura na jina lake.

Desturi ya vibanda vingi ni moja: anayefungwa ndiye anayelipa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu katika gemu hii kuna namna mbili za kushinda. Mmoja anacheza mpira. Mwingine anachezea kasoro za mashine.

Mwanya uko wapi?

Ili kuelewa ugomvi, lazima kujua mashine inavyofanya kazi. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani, lakini kijana aliyeshika kidhibiti anaongoza mmoja tu kwa wakati. Wanne waliobaki wanaongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo ina mazoea, na mwenye kuyasoma mazoea yake anaweza kuyageuza kuwa mtego.

Mfano maarufu ni wa kupiga kona. Kijana anachukua mlinzi mwepesi kuliko wote, anadunda mpira kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika. Mkabaji hakosei lolote. Mashine tu ndiyo inayochelewa kumgeuza, anakwama kwenye mwendo uliokwishaanza, na njia ya kwenda kikapuni inabaki wazi. Mfano mwingine ni kumwachia kompyuta amkabe mwenye mpira, huku mchezaji mwenyewe akisimama kwenye njia ya pasi na kupora kila kinachopita. Wa tatu ni kubana uwanja mzima tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo timu ya watu wenye mapafu haiwezi.

Mbinu hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, lakini hali ya kibanda huzidisha makali yake. Mechi halisi ya NBA ina dakika 48, na ya kanuni za FIBA, zinazotumika Afrika, dakika 40. Mwenye kibanda hawezi kukubali hivyo, foleni ni ndefu. Anaweka robo za dakika tatu tatu, yaani dakika 12 kwa jumla. Katika muda huo nyota hachoki, faulo hazijai, na kocha hana haja ya kuita benchi. Mambo yote ambayo uwanjani humwadhibu mwenye hila moja yameondolewa. Imebaki hila peke yake.

Kuna jambo la pili. Kampuni inayotengeneza gemu huziba nyingi ya kasoro hizi baada ya diski kutoka, na marekebisho hayo hupitia intaneti. Mashine isiyounganishwa hubaki na gemu kama ilivyochapwa kwenye diski. Kwa hiyo mwanya uliozibwa kwa mchezaji wa Chicago unaweza kuendelea kuwa wazi kwenye kibanda cha pwani ya Tanganyika kwa miaka mingi, na kila kijana mpya anaurithi kutoka kwa aliyemfunga.

Pande mbili zenye hoja

Anayetumia mwanya ana utetezi wake, na si wa kupuuzwa. Anasema hakuiba wala hakugusa waya. Mashine imeruhusu, na mwenzake ana kidhibiti kilekile na wachezaji walewale. Kama mbinu inamuuma, ajifunze kuizuia au aitumie naye. Fedha iko mezani, na hakuna aliyeahidi kucheza kwa kupendeza.

Anayetaka mchezo wa kweli anajibu kwamba walikubaliana kucheza kikapu. Amejifunza kupanga shambulio, kumtafuta mtupaji aliye huru, kubadilisha ukabaji, kumpumzisha aliyechoka. Anapofungwa na kitu ambacho hakipo kwenye uwanja wowote duniani, ujuzi wake wote hauna soko. Na wote wawili wakitumia hila ileile, mechi inakuwa ya kushindana vidole.

Lakini upande huu nao una udhaifu. Mara nyingi aliyefungwa huita kila kitu hila. Ukimwacha mtupaji hodari wa pointi tatu peke yake kwenye kona mara tatu, na mara tatu akafunga, huo si mwanya wa mashine. Umekaba vibaya. Kipimo kinachofaa ni hiki: je, gemu inampa mpinzani dawa? Kama anaweza kusogea, kubadilisha mkabaji au kufunga njia na mbinu ikakoma, basi ni mpira, hata kama inaudhi. Kama anafanya kila lililo sahihi na mashine bado inamwangusha, hiyo ni kasoro.

Hata kikapu halisi kilipitia hapa

Ugomvi huu haukuanza na kompyuta. Novemba 22, 1950, Fort Wayne Pistons walikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, timu ya jitu George Mikan. Walijua wakishindana naye kawaida watapigwa, na waligundua kwamba kanuni hazikuweka muda wa kutupa mpira. Wakaushika tu. Mechi iliisha 19 kwa 18, Fort Wayne wakishinda, na hadi leo hayo ndiyo mabao machache kuliko yote katika historia ya NBA. Hawakuvunja kanuni yoyote. Watazamaji walichukia.

Jibu lilikuja mwaka 1954. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alipiga hesabu ya kifanyabiashara. Mechi nzuri, aliona, huwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Saa ya sekunde 24 ikawekwa, na wastani wa pointi kwa timu ukapanda kutoka 79.5 hadi 93.1 katika msimu mmoja. FIBA nayo iliweka sekunde 30 mwaka 1956, ikashuka hadi 24 mwaka 2000.

Mikan mwenyewe alisababisha mabadiliko. Mwaka 1951 NBA ilipanua eneo la chini ya kikapu kutoka futi 6 hadi 12 ili asisimame pale kama mnara. Na mwaka 2021 ligi hiyo iliwaagiza waamuzi waache kuwazawadia watupaji wanaojirusha kwa makusudi kwenye miili ya wakabaji ili wapewe faulo.

Katika visa vyote hivi, walaumiwa wa kwanza hawakuwa wachezaji. Ligi ilikiri kwamba kanuni zina tundu, ikaliziba. Kibanda cha gemu hakina ligi. Kina mwenye kibanda.

Sheria ya nyumba

Mwenye kibanda anayefikiri hili halimhusu ajiulize wateja wake wanakwenda wapi. Vijana wawili watatu wanaoijua hila wakishika benchi, wengine hulipa mara mbili, mara tatu, kisha hawarudi. Mashine inabaki na watu wanne, na ada ya mechi haiwezi kulipa umeme wala kodi.

Dawa ni nyepesi. Kwenye mipangilio, robo zinaweza kurefushwa hata hadi dakika tano kwa mechi za dau, na uchovu na faulo zikawashwa. Gemu ina ngazi za ugumu, na kwenye ngazi za juu kompyuta hukaba kwa akili zaidi. Timu zinaweza kupigiwa kura ili mtu mmoja asing'ang'anie mlinzi yuleyule kila siku. Na mbinu mbili tatu zilizopigwa marufuku ziandikwe ukutani, zikiwa zimeelezwa kwa maneno yanayoeleweka, kabla fedha haijatolewa. Marufuku inayotangazwa baada ya mtu kushinda ni dhuluma pia.

Hili lina uzito zaidi kando ya ziwa hili kuliko kwingine, kwa sababu wateja ni wageni wa kila mara. Kijana wa chombo kutoka Baraka au Kigoma hufika Rumonge na mazoea ya kibanda chake. Anachokiita ustadi, wenyeji wanakiita wizi. Wafanyabiashara wanalijua hili vizuri. Gunia la lumbesa lilikuwa halali machoni pa mnunuzi aliyezoea kujaziwa kilemba, na ni unyonyaji machoni pa mkulima. Pande zote mbili zinasema "gunia moja."

Kwa anayenunua kuuza

Kwa msomaji anayeleta mashine na diski kutoka Dar es Salaam au Kigoma, mambo matatu ni ya kuangalia.

Kwanza, toleo la zamani lina bei nzuri, lakini kampuni huzima mitambo yake ya intaneti baada ya miaka michache. NBA 2K20, iliyotoka mwaka 2019, ilizimiwa mwisho wa mwaka 2021. Baada ya hapo mechi za watu wawili kibandani huendelea, ila sehemu zinazotegemea intaneti hufa. Mweleze mnunuzi mapema.

Pili, mashine iunganishwe na intaneti na kupakua marekebisho yote ya gemu kabla ya kuvuka nayo. Kazi hiyo ya usiku mmoja ndiyo inayoziba nyingi ya kasoro zinazogombanisha wateja.

Tatu, forodha. Cheti cha uasili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Dagaa, mawese na mchele vinaingia humo. Mashine ya gemu iliyotengenezwa Asia haiingii, hata ikinunuliwa Kariakoo kwa risiti halali na hata ikiwa moja tu. Wapo wanaoificha katikati ya mzigo wa cheti hicho wakidhani wamepata njia. Wanapokamatwa, ni mzigo mzima unaozuiwa bandarini, na mwenye mchele wa halali anasubiri pamoja nao.