Usiku Mmoja Katika Bonde la Lufira, Chini ya Kundelungu (Sehemu ya Pili)

Kaskazini mwa mji wa Lubumbashi, kwa safari ya gari inayomaliza sehemu kubwa ya mchana hata barabara ikiwa kavu, uko uwanda wa juu wa Kundelungu, yaani nchi tambarare iliyoinuka hadi kimo cha meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambayo upande wake wa magharibi hukatika ghafla na kuteremka kwa magenge hadi kwenye bonde pana la mto Lufira. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza njia ya kufikia huko. Sehemu hii inalihusu bonde lenyewe, na hasa sababu zinazompasa mkazi wa mjini, awe anatoka katikati ya mji au katika komini ya Kenya, alale huko walau usiku mmoja badala ya kulitazama poromoko la maji kwa saa moja na kugeuza gari. Bonde la Lufira linahesabiwa na wengi kuwa mahali pa matembezi, lakini ukweli ni kwamba Lubumbashi inakula, inapika na kuwasha taa kwa mali ya mto huo, na kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910, mambo makubwa ya Katanga yalikuwa yakiamuliwa kandokando yake.

Kwanza ni vema kueleza jinsi bonde lilivyopatikana. Miamba ya Kundelungu ni tabaka za mawe ya mchanga na ya udongo zilizolala karibu sawasawa, moja juu ya nyingine, na umri wake unapita miaka milioni 500. Wanajiolojia walilichukua jina la uwanda huu wakalipa kundi zima la miamba ya Katanga, na chini kabisa ya kundi hilo wameona mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika ovyo katika udongo mgumu, ambayo ni mabaki ya barafu nene iliyowahi kuifunika nchi hii katika zama za mbali mno. Shaba imo hasa katika tabaka za zamani zaidi zilizo chini ya hizo, ambazo zimekunjwa na kujitokeza juu ya ardhi katika upinde unaotoka Kolwezi kupitia Likasi hadi Lubumbashi, na ndiyo maana migodi mikubwa imefuata upinde huo na kuiacha Kundelungu. Baadaye sana ardhi ilipasuka, sehemu moja ikashuka na nyingine ikabaki juu. Wataalamu huihesabu mipasuko hiyo kuwa ya tawi la kusini-magharibi la Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki. Mtu anayesimama ukingoni mwa uwanda akitazama magharibi anaona matokeo ya mpasuko huo: ukuta wa mawe miguuni pake, tambarare ya Lufira iliyo chini kwa meta mia kadhaa, na ng'ambo yake vilima vya Bia.

Mto Lofoi, unaokusanya maji yake juu ya uwanda, hauna njia nyingine ya kuifikia Lufira ila kuruka ukuta huo. Poromoko lake, ambalo huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya meta 300, ni miongoni mwa yale marefu sana barani Afrika. Mgeni anapaswa kujua kwamba maji hayo hutegemea msimu. Mvua za Katanga huanza Novemba na kwisha Machi au Aprili, na kufikia Septemba Lofoi hupungua ikawa utepe mwembamba ambao upepo huupeperusha kabla haujagusa chini. Mwezi unaofaa kuliko yote ni Mei, kwa kuwa mto bado una nguvu, njia zimeanza kukauka, na moto wa kuchoma nyasi bado haujaitia anga moshi.

Usiku una elimu yake ambayo mchana haiwezi kuitoa. Wakati wa kiangazi, hasa Juni na Julai, anga huwa bila wingu, kwa hiyo ardhi hupoteza joto upesi mara jua linapotua. Hewa iliyopoa ni nzito kuliko yenye joto, nayo huteremka ikajikusanya katika mabonde madogo yaliyo juu ya uwanda, ambako umande unaweza hata kuganda. Anayelala huko ndipo anapoelewa kwa nini sehemu kubwa ya uwanda haina miti. Nyika hizo za juu, ambazo wanabotania wa Katanga huziita kwa jina la wenyeji dilungu, zina udongo wa kichanga uliochujwa rutuba, hujaa maji wakati wa masika na kukauka kabisa wakati wa kiangazi, na juu ya hayo hupitiwa na baridi ya usiku na moto wa kila mwaka, hivyo kwamba nyasi na mimea yenye mizizi minene ndiyo inayostahimili. Miteremkoni, ambako udongo ni mwema zaidi, unaanza miombo, yaani msitu wa wazi wenye miti inayopukutisha majani, ambao humpa mwanadamu masuku, uyoga, asali na viwavi vinavyoliwa. Profesa François Malaisse, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu vyakula vinavyopatikana katika misitu ya namna hiyo, na ukubwa wa kitabu hicho unatosha kumwondolea msomaji dhana kwamba pori ni mahali pasipo na kitu.

Bonde hili ni nchi ya Wasanga pamoja na majirani zao wa jamii za Kilamba na Kibemba, na tangu karne ya 19 pia ya Wayeke. Utajiri wake wa kwanza haukuwa shaba bali chumvi. Huko Mwashya, upande wa juu wa mto, maji ya chemchemi za chumvi huacha ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Ukoko huo hukwanguliwa, huchujwa kwa maji, kisha maji hayo huchemshwa hadi chumvi ibaki. Katika nchi iliyo mbali na bahari zote mbili, bidhaa hiyo iliwaleta wafanyabiashara kutoka mbali. Shaba nayo ilikuwa kazi ya kiangazi: mafundi, ambao hadi leo husemwa kuwa walikuwa wakila shaba, walijenga tanuru kwa udongo wa vichuguu, wakayeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina madini hayo mekundu katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mwaka 1960 ilichorwa katika bendera ya Katanga iliyojitangazia uhuru wake.

Biashara hiyo ndiyo iliyomvuta Ngelengwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, magharibi mwa Unyamwezi, ambaye katikati ya karne ya 19 alihamia na watu wake na kujenga utawala ulioitwa Garenganze, mji wake mkuu ukiwa Bunkeya, magharibi mwa Lufira. Misafara ya pembe, shaba na watumwa ilitoka Bunkeya ikaelekea pande mbili, mmoja Tabora na pwani ya Zanzibar, mwingine Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, na kwa bunduki alizopata huko aliwatawala Wasanga kwa ukali ambao haifai kuufunika kwa sifa za ushujaa. Mwaka 1891 Wasanga waliasi. Mwaka huohuo, misafara ya Wazungu ilikuwa ikishindana kufika kwa Msiri. Paul Le Marinel alifika Aprili, na baada ya kuondoka aliacha kituo cha Dola Huru ya Kongo kando ya mto Lofoi. Alexandre Delcommune alifika Oktoba. Na tarehe 14 Desemba akaingia William Stairs, akiongoza wapagazi na askari waliotoka Zanzibar. Tarehe 20 Desemba Msiri aliuawa kwa risasi na kapteni Omer Bodson, ambaye naye alipigwa risasi papo hapo akafa. Msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui, uliokuwa na mwanajiolojia Jules Cornet, ulifika Januari 1892 ukakuta njaa kali, kwa sababu uasi na hofu vilikuwa vimewatoa watu mashambani na mavuno mapya hayakuwa tayari. Wapagazi wengi wa Pwani walikufa huko, mbali na kwao, bila makaburi yenye majina, na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuwakumbuka kabla ya kuwakumbuka mabwana waliowaongoza.

Majina ya mabwana hao hayakupotea. Mwaka 1930 mitambo ya umeme ilianza kazi katika maporomoko ya Mwadingusha juu ya Lufira, yaliyokuwa yakiitwa maporomoko ya Cornet, na bwawa lake likazalisha ziwa Tshangalele. Kituo hicho kilipewa jina la Francqui. Mwaka 1950 kikafuata cha Koni, chini kidogo ya mto uleule, kikaitwa Bia. Viwili vilivyojengwa katika mto Lualaba, Nzilo na Nseke, viliitwa Delcommune na Le Marinel. Kwa hiyo wanne kati ya walioifungua njia ya ukoloni waligeuzwa kuwa majina ya vituo vya umeme, wakati mto wenyewe na watu walioondolewa ili maji yapate nafasi hawakutajwa. Majina ya Kiafrika yamerudi tangu hapo, lakini vijiji vingi vilivyo karibu na nyaya za umeme huo bado hulala gizani, jambo ambalo mgeni hulishuhudia kwa macho yake jioni ileile ya kwanza.

Uwanda na sehemu ya bonde vilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu mwaka 1970, chini ya taasisi ya serikali inayojulikana kwa herufi ICCN, na mwaka 1982 bonde la Lufira likatambuliwa na UNESCO kama hifadhi ya viumbe hai na mazingira yao. Wanyama wakubwa walipungua sana katika miaka ya vita na ujangili. Hatari nyingine inatoka mjini kwenyewe: familia nyingi za Lubumbashi hupika bukari, yaani ugali, kwa makaa, ambayo huko huitwa makala, na kila mwaka miombo hukatwa mbali zaidi na mji. Mkataji hulipwa kidogo sana kuliko muuzaji wa mjini, na kumlaumu yeye peke yake ni dhuluma.

Njia moja ya kumpatia mwenyeji kipato kingine ni wageni wanaolala kwake, na hapa mfano wa Moroko unasaidia. Kutoka Marrakech wageni huenda kulala usiku mmoja katika mabonde ya milima ya Atlas, kama Ourika na Imlil, chini ya kilele cha Toubkal chenye meta 4,167, kwa Waberberi, ambao wenyewe hujiita Imazighen. Huko mgeni hulala katika nyumba ya mwenyeji, hula mkate uliookwa humohumo na hupita kando ya mifereji ambayo kijiji hugawana maji yake kwa zamu, hivyo sehemu kubwa ya fedha yake hubaki bondeni. Na tetemeko la ardhi la Septemba 2023 lilipobomoa vijiji vya milima hiyo, uhusiano huo ulikuwa mojawapo ya njia za msaada kuwafikia watu. Kundelungu haina sababu ya kuiga majengo ya Atlas, lakini utaratibu wa mwenyeji kumiliki malazi unafaa kuigwa. Leo wengi wa waendao Lofoi hubeba kila kitu kutoka Lubumbashi, kuanzia maji hadi mkate, wakapita vijijini wakiwa wamefunga vioo.

Utaratibu ulio bora ni rahisi. Mgeni apate kibali cha ICCN kabla ya kuondoka, kisha afike Lukafu au kijiji kingine jua likiwa bado juu, aende kwanza kwa chifu wa kimila kueleza shabaha ya safari, amwajiri kiongozi wa njia kutoka hapohapo, anunue unga, samaki na asali kwa wenyeji kwa bei ya haki, na amlipe mwenye nyumba atakayempa mahali pa kulala. Njia ya kushuka hadi chini ya poromoko ianzwe alfajiri, kwa kuwa mteremko ni mkali na jua la saa nne humchosha hata kijana. Sehemu ya tatu itahusu wavuvi wa Tshangalele, ambao samaki wao hufika katika soko la Kenya, na mabadiliko ya ziwa hilo tangu bwawa lilipofungwa.