Mguu Dhaifu Jukwaani

Mara nyingi twasikia watu wakisema juu ya mtoto mgonjwa: «Huyu hatafaa kitu.» Leo twataka kuyapima maneno hayo kwa habari za Mjapani mmoja, Bando Tamasaburo.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1950. Alipokuwa bado mtoto mdogo alishikwa na polio, ugonjwa unaopoozesha viungo, ukamwachia mguu dhaifu. Jamaa zake wakamtia katika mafundisho ya ngoma za kijapani, ili viungo vipate nguvu. Kumbe dawa ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kazi yake.

Huko Japani kuna michezo ya kuigiza ya zamani iitwayo kabuki, yenye nyimbo, ngoma na mavazi ya fahari. Mwaka 1629 serikali iliwakataza wanawake wasipande jukwaani. Basi sehemu za wanawake huchezwa na wanaume, nao huitwa onnagata. Kwa desturi baba humrithisha mwanawe kazi hiyo. Lakini kijana wetu hakuzaliwa katika jamaa ya wachezaji.

Mwaka 1957 alipanda jukwaani mara ya kwanza. Mchezaji mashuhuri, Morita Kanya wa 14, akamfanya mwana wake, na mwaka 1964 akapewa jina la Tamasaburo, akiwa wa 5 kuitwa hivyo. Jina la namna hiyo ni heshima, tena ni deni. Kwetu pia, apewaye jina la babu hutazamwa kama atalistahili.

Naye alikuwa na shida zake. Onnagata hukunja magoti ndani ya vazi, aonekane mfupi na mpole. Kwa kijana mwenye kimo kirefu na mguu dhaifu, hiyo haikuwa kazi nyepesi. Alijizoeza siku kwa siku. Mwaka 1969, akiwa na miaka 19, alicheza sehemu ya binti mfalme katika mchezo wa mwandishi Mishima Yukio, na sifa zake zikaenea. Mwaka 1984 alicheza ngoma New York mbele ya wageni wengi, na mwaka 2012 serikali yake ikamtia katika hesabu ya wale waitwao Hazina Hai za Taifa.

Basi, wazazi na walimu, tusimhukumu mtoto kwa kiungo kimoja. Tumtafutie kwanza mafundisho yanayomfaa, kisha tungoje matunda.