Kompyuta ya kuvaa usoni: Siri ya maandishi yanayosomeka

KOMPYUTA inayovaliwa usoni mithili ya miwani humpa mtumiaji taarifa bila kumlazimu kushika simu. Hata hivyo, iwapo maandishi yake hayasomeki upesi, kifaa hicho hugeuka mzigo. Kwa fundi aliye juu ya ngazi au mtu anayevuka barabara, hugeuka hatari.

Tatizo hilo si geni. Mwaka 1989 kampuni ya Reflection Technology ya Marekani ilitoa skrini ndogo iliyoitwa Private Eye. Ilikuwa na safu moja ya taa 280 nyekundu, na kioo kilichotikisika kwa kasi kiliitandaza safu hiyo hadi jicho likaona ukurasa wa nukta 720 kwa 280. Thad Starner, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, alianza kuvaa kompyuta mwaka 1993. Miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa kiufundi wa mradi wa Google Glass.

Private Eye haikupitisha mwanga wa nje, hivyo herufi nyekundu zilijitokeza wazi juu ya weusi. Miwani iliyofuata humwezesha mvaaji kuona mbele yake, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Skrini ya aina hiyo huongeza mwanga tu, haiwezi kuuzuia. Kwa sababu hiyo, rangi nyeusi huonekana kama mahali patupu.

Herufi nyeusi juu ya ukurasa mweupe, zilizozoeleka ofisini, hazifai hapa. Ukurasa wote huwaka na kumficha mvaaji yaliyo mbele yake. Dawa ni kugeuza mpangilio: herufi nyeupe au za kijani, bila mandharinyuma. Jicho huhisi zaidi mwanga wa kijani, ndiyo maana rangi hiyo hutumika pia katika vioo vya marubani.

Jua nalo ni adui. Mwanga wa mchana wa nje huweza kuuzidi ule wa ofisini zaidi ya mara 100. Kuongeza ung'avu wa skrini humaliza betri, hivyo njia nafuu ni kuweka kioo cheusi kwa mbele, kama kile kilichouzwa pamoja na Google Glass mwaka 2013.

Jambo jingine ni umbali. Skrini hukaa sentimita chache kutoka kwenye jicho, lakini lenzi huifanya picha ionekane mbali. Kwa HoloLens ya Microsoft, ni takriban mita mbili. Hivyo mtu wa makamo anayehitaji miwani ya kusomea gazeti huweza kuisoma bila taabu, ilhali asiyeona mbali atahitaji lenzi zake.

Mwisho ni uchache wa maneno. Google Glass, ambayo mauzo yake yalisitishwa mwaka 2023, ilikuwa na nukta 640 kwa 360 tu. Herufi kubwa zenye mistari minene, na sentensi moja fupi kwa wakati, humrudishia mvaaji macho yake barabarani.