Kusi Mgongoni: Siku ya Baiskeli kutoka Makambako hadi Chimala

Mwendesha baiskeli anayetoka Iringa kwenda Mbeya mwezi wa Julai hupigwa na upepo ubavuni hadi Makambako, na kuanzia hapo upepo humsukuma mgongoni mpaka kwenye tambarare za Usangu. Anayetoka Mbeya kwenda Iringa hukutana na upepo uleule usoni, tena huku akipanda. Barabara ni moja na miguu ni ileile, lakini safari ni mbili. Wanaoniuliza kuhusu njia hii huanza na milima: Inyala ikoje, Mafinga kuna baridi kiasi gani. Maswali mazuri, ila milima inaonekana kwenye ramani. Upepo hauonekani, na ndio utakaoamua kama utafika kabla ya jua kuzama.

Upepo wenyewe ni kusi, huohuo uliojaza matanga ya majahazi kutoka Zanzibar kwenda Arabuni. Miezi ya katikati ya mwaka, hewa hurundikana kwa mgandamizo mkubwa juu ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kisha hutoka huko ikielekea kwetu kutoka kusini-mashariki. Ikifika bara hukuta ukuta. Upande mmoja ni Milima ya Udzungwa, upande wa pili ni safu za Kipengere na Livingstone. Katikati, pale Makambako, ukuta hulegea na kushuka. Hewa iliyozuiliwa kwingine hukimbilia mwanya huo na kuongeza kasi, kama maji ya mpira unapoubana mdomo kwa kidole. Wahandisi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, walipandisha reli yao hadi kwenye mwanya huohuo, na ndipo reli ilipokutana na barabara ya TANZAM. Mji ukakua pale njia zilipokutana, na wakazi wake wanaishi na upepo huo mpaka leo.

Kila inapozungumzwa nishati ya upepo nchini, Makambako hutajwa pamoja na Singida. Jirani kidogo, Mufindi mkoani Iringa, tayari mashine tatu za upepo zinazalisha umeme, jumla ya megawati 2.4. Mwendesha baiskeli anapaswa kuisoma habari hiyo kwa jicho lake mwenyewe: mahali wawekezaji wa umeme wanapopapenda, yeye atapalipia kwa mapaja.

Kuna jambo lingine ambalo msafiri huliona bila kujua sababu yake. Mufindi na Njombe ni kijani, chai inastawi na ukungu unalala mabondeni. Ukishuka kutoka Makambako kwenda Igawa, nchi inabadilika ndani ya saa chache: nyasi zilizokauka, miti ya miiba, udongo uliopasuka, vumbi. Ni kazi ya upepo uleule. Hewa inayopanda miteremko ya kusini-mashariki hupoa na kuacha maji yake huko. Ikivuka na kushuka upande wa pili hupata joto na kuwa kavu. Usangu iko nyuma ya milima, na hicho kinachobaki baada ya milima kuchukua chake ndicho kinachokuvumia mgongoni. Mashamba ya mpunga ya Mbarali yanaishi kwa mito inayotoka kwenye milima hiyohiyo. Ondoa mito, na wakati wa kiangazi tambarare ile ni pana, tupu, isiyo na pa kujificha.

Sasa tuangalie upepo unafanya nini kwa mtu aliye juu ya baiskeli. Ukinzani wa hewa haukui sawasawa na kasi; hukua kwa kipeo cha pili. Hewa inayokupiga usoni ikienda kasi mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Chukua mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida wa baiskeli yenye mzigo. Hewa ikiwa imetulia, kifua chake kinapambana na upepo wa kilomita 15 kwa saa. Kukivuma upepo wa kilomita 20 kwa saa kutoka mbele, sasa anapambana na 35. Ukinzani umepanda zaidi ya mara tano, na hajaongeza mwendo hata kidogo. Hakuna kilima kilichoonekana, lami imelala, lakini miguu inafanya kazi ya mlima.

Wengi hujifariji kwamba kilichopotea kwenda kitarudishwa kurudi. Hakirudi. Tuseme bila upepo unakwenda kilomita 20 kwa saa, upepo wa mbele ukakushusha hadi 10, na wa nyuma ukakupandisha hadi 30. Kilomita 30 za kwenda zinakula saa tatu, 30 za kurudi saa moja. Kilomita 60 kwa saa nne ni wastani wa 15. Umepoteza saa nzima, kwa sababu dakika ulizotumia kupigana na upepo ni nyingi kuliko zile ulizobebwa.

Mwinuko unatupunguzia kidogo. Makambako iko kwenye mita zaidi ya 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Hewa nyepesi haizuii sana. Lakini oksijeni nayo imepungua kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mgeni kutoka pwani asitegemee zawadi.

Upepo wa ubavuni ndio ninaouhofia zaidi, na kwa sehemu ndefu ya Iringa hadi Makambako upepo ni wa ubavuni. Barabara inaelekea kusini-magharibi, kusi inatoka kusini-mashariki, karibu pembe mraba kabisa. Sisi tunaendesha kushoto. Maana yake, anayekwenda Makambako anasukumwa na upepo kutoka kushoto kwenda kulia, yaani kutoka ukingo wa lami kuelekea katikati, kwenye malori ya Zambia na Kongo. Anayekuja Iringa anapigwa kutoka kulia, na mwili wake bila kumuuliza huinamia kulia ili usiangushwe. Lori likimpita upande huo, kwa sekunde mbili linaukata upepo. Yule aliyekuwa ameegemea upepo ghafla hana cha kuegemea, baiskeli inavutwa kuelekea lori, kisha lori likishapita upepo unarudi na kumpiga kofi. Ukiisikia injini nyuma, legeza viwiko, shika usukani bila kuukaba, punguza mwendo, na kama ukingo una nafasi, usiione aibu kushuka.

Msitu wa Sao Hill, karibu na Mafinga, unafundisha somo hilo wazi. Ndani ya misindano na mikaratusi upepo unapungua, na mtu anasahau. Msitu hukinga eneo la upande wa pili kwa umbali wa kama mara kumi ya kimo cha miti: miti ya mita 20 inakupa mita 200 hivi za utulivu. Pale miti inapoisha, upepo unakuja wote kwa mara moja. Mapengo ya njia za kukatia moto na sehemu zilizovunwa mbao hufanya vivyo hivyo. Shika usukani kwa mikono miwili kabla ya kufika kwenye pengo.

Mzigo nao una la kusema. Wauza mkaa na wabeba ulanzi wa nyanda hizi wanajua kwamba gunia lililolazwa juu ya keria linageuka tanga, na ukiwatazama siku ya upepo mkali utaona wengi wanashuka na kusukuma. Mzigo uwe chini, pande zote mbili za gurudumu la nyuma, uliofungwa hadi usitikisike. Mbele usiweke kitu kipana, maana upepo ukikishika unageuza usukani.

Kwa anayetaka siku moja ya kuionja njia hii, mimi napendekeza Makambako hadi Chimala, kama kilomita 100, kwa kuelekea magharibi. Ondoka kukiwa kumekucha vizuri. Asubuhi za Juni na Julai huko juu ni baridi kali, na mteremko unaongeza upepo juu ya baridi. Vaa koti lisilopitisha hewa, au weka gazeti ndani ya shati kifuani kama walivyofanya waendesha baiskeli wa zamani wa Ufaransa walipovuka milima. Linafaa kuliko sweta zito.

Kwenye tambarare wazi upepo wa ardhini huwa mdogo alfajiri. Usiku hewa baridi hulala chini na kuutenga upepo wa juu. Jua likishapasha udongo, kwenye saa nne asubuhi hivi, hewa huanza kuchanganyika na kasi ya juu hushuka hadi kwetu. Mchana ndipo unapofikia kilele. Pima kwa macho: vumbi na vipande vya karatasi vikianza kuruka, ni kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Miti midogo ikiyumba yote, umeshavuka hapo. Ni kipimo kilichotokana na kazi ya Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, kilichoanza 1805, na hakihitaji chombo chochote.

Kuelekea Igawa upepo uko nyuma na barabara inashuka, na hapa kuna hatari isiyozungumzwa. Tunapoteremka, hewa ndiyo breki yetu kubwa. Upepo wa kilomita 25 kwa saa ukiwa mgongoni, ukienda 40 hewa inakuzuia kama vile unakwenda 15 tu. Breki za vyuma za baiskeli kubwa za kazi hazikuundwa kwa hilo. Zikague na fundi Makambako, na ushike mapema, kwa vipindi, mbele na nyuma.

Baada ya Igawa joto linapanda. Upepo wa nyuma ukilingana na mwendo wako, hewa inayokuzunguka inakuwa kama imesimama. Huhisi upepo, jasho halikauki, linatiririka. Huko kabla ya Igawa lilikuwa linakauka hata hulioni. Pande zote mbili unapoteza maji. Kunywa kwa saa, usisubiri kiu.

Chimala ni mahali pazuri pa kuishia. Mbele kuna Igurusi na mpando wa Inyala, ambako malori yanashuka kwa breki zilizochoka, na hapafai kupandwa jioni na mtu aliyechoka pia. Juu ya Chimala inaanza barabara ya kona 57 kwenda Matamba na Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa nyasi na maua ulio kwenye mita 2,600 hivi, ambako upepo hauna mti wa kuuzuia. Hiyo ni siku yake peke yake.

Barabara hii inaendelea kupanuliwa kwa vipande, na ningependa sana wanaoichora waufikirie upepo huu. Upana wa ukingo unaomtosha mtembea kwa miguu pale Mbeya mjini haumtoshi mwendesha baiskeli kati ya Nyololo na Makambako, kwa sababu huyu wa pili anayumba, na hayumbi kwa uzembe. Mita moja zaidi upande wa kushoto, na mistari ya miti iliyopandwa bila mapengo ya ghafla, ingewalinda mwanafunzi na muuza mkaa wa kila siku zaidi kuliko mgeni wa safari moja.

Na wewe ambaye nyumbani kwako ni Iringa na huna budi kurudi kwa njia uliyojia: gawanya. Chimala hadi Igawa asubuhi, upumzike mchana wote. Kesho yake ondoka mapema upande hadi Makambako polepole, viwiko vimekunjwa na kifua kimeshushwa, gia ndogo, bila kuangalia saa. Januari hadi Machi kusi haipo, lakini kuna mvua. Ikishindikana kabisa, makondakta wa mabasi ya Igawa hupakia baiskeli bila maneno mengi. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa.