Kujiundia Baiskeli Nyepesi ya Milimani: Pima Kabla ya Kulipa

Baiskeli ya milimani kwa ajili ya mbio za nyika hutengenezwa ili impandishe mwendeshaji kilimani bila kumchosha kupita kiasi, na kumteremsha salama upande wa pili. Mbio hizo ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Atlanta mwaka 1996. Nchini Tanzania huonekana katika njia za vumbi za Lushoto, katika vitongoji vya Arusha na Moshi, na kwenye miteremko ya Uluguru. Wapo wanaozinunua zikiwa kamili. Wapo pia wanaonunua fremu tupu, kisha wakaongeza kifaa kimoja kimoja, kipya au cha mtumba, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Njia hii ya pili ina faida zake. Mlaji hujichagulia ubora wa kila kifaa, hugawanya gharama katika miezi kadhaa, na huielewa baiskeli yake kiasi cha kuweza kuitengeneza mwenyewe. Hata hivyo, anayenunua baiskeli kamili hununua pia kazi ya mtengenezaji aliyekwisha kuhakikisha kwamba vifaa vyote vinapatana. Anayeiunda mwenyewe huubeba wajibu huo. Asipoubeba kwa uangalifu, hujikuta na vifaa vizuri visivyoingiliana, au na baiskeli nyepesi inayovunjika mteremkoni. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hizo mbili.

Fremu ndiyo inayoamua

Fremu ikishanunuliwa, imekwisha kuamua vipimo vya karibu kila kifaa kitakachofuata. Kwa sababu hiyo tunashauri mlaji asinunue gurudumu, foku wala ekseli ya pedeli kabla ya fremu kuwa mkononi na kupimwa. Kalipa ya kupimia milimita na daftari vinatosha. Yaandikwe mambo haya:

1. *Ukubwa wa gurudumu.* Majina ya inchi 26, 27.5 na 29 hutumika madukani, lakini kipimo cha kutegemewa ni kile cha milimita kilichochapwa ubavuni mwa tairi: 559 kwa inchi 26, 584 kwa inchi 27.5, na 622 kwa inchi 29. Tairi iliyoandikwa 57-622 ina upana wa milimita 57 na hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 622.

2. *Nafasi ya ekseli ya nyuma.* Fremu za zamani hupokea habu ya milimita 135 yenye kifungio cha haraka. Nyingi za baadaye hupokea ekseli nene ya milimita 12 yenye urefu wa 142 au 148. Tofauti ya milimita 6 ni ndogo kwa macho, lakini gurudumu la 148 halitaingia katika fremu ya 142, na fremu isilazimishwe kupanuka.

3. *Bomba la usukani.* Baadhi ya mabomba yana upana ule ule juu na chini, na mengine hupanuka upande wa chini. Foku yenye shina linalopanuka haiingii katika bomba jembamba lililonyooka. Foku yenye shina lililonyooka huweza kuingia katika bomba pana iwapo beringi zinazofaa zitapatikana.

4. *Tundu la ekseli ya pedeli.* Pima upana wake, kisha tazama kama lina hesi au ni laini. Lenye hesi, ambalo kwa baiskeli za milimani mara nyingi huwa na upana wa milimita 68 au 73, ni rahisi kuhudumiwa na fundi wa kawaida. Lililo laini huhitaji vifaa maalumu vya kubania.

5. *Bomba la kiti.* Nguzo ya kiti ya milimita 27.2 haiwezi kutumika mahali pa 30.9 au 31.6 bila kipachiko maalumu. Tofauti hata ya sehemu ya milimita huleta kulegea au kupasuka.

6. *Breki.* Fremu isiyo na mahali pa kufungia breki za diski haibadilishwi kwa kuchomelea. Uliza pia kipenyo kikubwa zaidi cha diski ambacho mtengenezaji amekiruhusu.

Fremu ya mtumba ikaguliwe mchana, ikiwa imesafishwa. Nyufa hupenda kuanzia chini ya bomba la usukani, kuzunguka tundu la ekseli ya pedeli, na mahali nguzo ya kiti inapobanwa. Rangi iliyovimba au iliyopakwa upya sehemu moja tu ni sababu ya kuuliza maswali. Fremu ya kaboni inahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa inaweza kuumia kwa ndani na nje ikabaki nzuri. Kuigonga kwa sarafu na kusikiliza mlio hakuthibitishi kwamba ni nzima. Kama muuzaji hawezi kueleza historia yake, fremu ya alumini iliyo salama ni ununuzi bora kuliko ya kaboni yenye mashaka.

Uzito uko wapi

Muuzaji hupenda kutaja uzito wa kifaa kimoja. Mlaji anunue kwa kutazama jumla. Ufuatao ni mfano wa baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 yenye fremu ya alumini na shokapu ya mbele pekee, kwa makadirio ya vifaa vya daraja la kati:

- Fremu: kilo 1.7
- Foku yenye shokapu ya hewa: kilo 1.7
- Magurudumu mawili bila tairi: kilo 1.8
- Tairi mbili: kilo 1.4
- Dawa ya kuziba pancha na vali: kilo 0.25
- Mikono ya pedeli na ekseli yake: kilo 0.8
- Kaseti, mnyororo, kihamisha mnyororo na kibadilisha gia: kilo 1.2
- Breki mbili na diski zake: kilo 0.8
- Usukani, shingo yake na vishikio: kilo 0.5
- Kiti na nguzo yake: kilo 0.5
- Pedeli, beringi za usukani, nyaya na bolti: kilo 0.55

Jumla ni kilo 11.2. Hiyo ni baiskeli nyepesi inayofaa kazi yake. Kuishusha chini ya kilo 10 kunawezekana, lakini kila gramu inayoondolewa kuanzia hapo huwa ghali kuliko iliyotangulia.

Ni vema kujua faida halisi ya gharama hiyo. Mwendeshaji wa kilo 70 juu ya baiskeli hii hupandisha kilo 81.2. Akipunguza nusu kilo, amepunguza takriban asilimia 0.6 ya mzigo wote. Katika kilima kikali kinachopandwa kwa dakika 30, nguvu za miguu zikibaki zile zile, hiyo ni nafuu ya sekunde 11 hivi. Kwa mshindani wa mbio, sekunde hizo zina thamani. Kwa anayeendesha kwa ajili ya afya na starehe, fedha hizo zingefaa zaidi kununulia breki bora, kofia ngumu na huduma ya fundi.

Anayetaka kupunguza uzito kwa busara aanze na foku, magurudumu na tairi. Foku za bei ya chini zenye springi ya chuma mara nyingi huzidi kilo 2.3, hivyo kuibadilisha kwa ya hewa huondoa zaidi ya nusu kilo kwa ununuzi mmoja. Kuondoa tyubu na kutumia dawa ya kuziba pancha hupunguza takriban gramu 100 kwa kila gurudumu, mradi rimu na tairi zote mbili zimetengenezwa kwa matumizi hayo. Katika kupanda kwa kasi isiyobadilika, gramu ni gramu popote ilipo. Lakini kila unapopunguza mwendo kwenye kona na kuuongeza tena, uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hudai nguvu zaidi kuliko ulio kwenye fremu.

Wepesi usiopaswa kununuliwa

Usukani, shingo yake, nguzo ya kiti na shina la foku ni vifaa ambavyo kuvunjika kwake humwangusha mwendeshaji bila onyo. Hapa ndipo bidhaa bandia za kaboni huleta madhara makubwa, kwa sababu nembo huigwa kwa urahisi kuliko uimara. Bei iliyo chini mno kuliko ya wauzaji wengine ni dalili ya kutiliwa shaka. Uliza kama kifaa kimepimwa kwa mujibu wa ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, na usome uzito wa juu wa mwendeshaji ambao mtengenezaji ameuweka.

Usikate nguzo ya kiti wala kuivuta kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Usifunge foku ndefu kuliko ile ambayo fremu iliundiwa. Foku ndefu hubadilisha mwelekeo wa usukani, huongeza mkazo kwenye bomba la mbele, na huweza kukunyima waranti.

Vifaa vipatane

Kaseti, mnyororo na kibadilisha gia viwe vya idadi moja ya gia. Kibadilisha gia na kihamisha mnyororo vitoke katika mfumo mmoja, kwa kuwa vya Shimano na vya SRAM kwa kawaida havivuti waya kwa kiasi kilicho sawa. Kaseti yenye jino dogo la 10 haitaingia katika habu ya mtindo wa zamani unaoanzia jino la 11. Breki za haidroliki nazo zina majimaji yake: za Shimano hutumia mafuta ya madini, na nyingi za SRAM hutumia majimaji ya DOT. Ukikosea, mipira ya ndani huharibika na breki hushindwa.

Wakati wa kufunga, pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Bolti ndogo za shingo ya usukani mara nyingi huandikiwa mkazo wa Nm 4 hadi 6, na spana ya kupimia mkazo ndiyo inayotambua kiasi hicho, wala si mkono uliozoea. Usipake grisi kwenye diski ya breki. Usipake grisi ya kawaida kwenye nguzo ya kaboni. Iko dawa yake maalumu yenye chembechembe zinazozuia kuteleza. Baada ya safari ya kwanza, kagua bolti zote upya.

Haki zako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya EFD kwa kila kifaa, na hakikisha imeandika jina na kipimo chake. Neno "spea" pekee halitoshi. Risiti inayosema "habu ya nyuma 12 x 148" itakusaidia endapo umepewa ya 142. Risiti isiyo na maelezo itakuacha ukibishana na muuzaji.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na bidhaa bandia. Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wa kukupatia kitu kisicho na kasoro na kinacholingana na alichokueleza. Hata hivyo, kosa la kununua kipimo kisicho chako, wakati muuzaji amekuuzia sawasawa ulichoomba, ni vigumu kulidai. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kubaliana naye kwa maandishi kwamba kifaa kisichoingia kitabadilishwa, mradi hakijatumika, na ndani ya siku ngapi.

Kifaa kikivunjika, acha kukitumia, kipige picha, hifadhi vipande vyote pamoja na risiti, na umwarifu muuzaji kwa maandishi. Usikichomelee. Kikishachomelewa, ushahidi wa kasoro ya kiwandani umepotea, na usalama wako umepotea pamoja nao.